Msaada wadau: hii beji ya kofia ya jeshi la Mwingereza ni ya kikosi gani? (simba, taji na ua)

MwanaVoi

Wadau salamu. Naomba mnisaidie kuitambua beji hii. Ilikuwa ya marehemu babu mzaa baba, ikakaa miaka nenda rudi ndani ya kopo la Kimbo pamoja na kipande chake cha enzi za mkoloni, risiti za kodi na funguo ambazo kufuli zake hazipo tena. Bibi amenikabidhi mimi kwa sababu ndiye mjukuu ninayemsumbua kwa maswali ya zamani.

Kwa wale ambao picha hazifunguki kwenye simu, iko hivi. Haizidi sentimita tano. Juu kabisa yupo simba amesimama kwa miguu yote minne, uso ameugeuzia kwetu, kichwani ana taji dogo. Simba huyo anakanyaga taji jingine kubwa. Chini ya taji pana ua la mviringo, petali zimepangana matabaka kwa matabaka, ukilitazama haraka utadhani ni koliflawa. Chini ya ua upo utepe wenye maandishi, ila upande wa kushoto umelika. Ninachosoma ni "…AL NORTH LANCASH…" halafu pana doa la kijani. Rangi ni mbili, kuna sehemu nyeupe na sehemu ya njano. Nyuma kuna kipande cha bati chembamba kama ulimi kinachoshuka chini, kimepinda kidogo.

Babu alizaliwa baada ya vita vya kwanza na hakuwahi kuwa askari. Baba anasema mzee aliiokota akichunga ng'ombe. Mjomba anashikilia kwamba alipewa na Mzungu wa mashamba ya mkonge ya Mwatate. Ningependa kujua ni kikosi gani, cha lini, na kilifikaje huku kwetu.

Dalali_Mkuu

Kaka hiyo ni mali. Usiianike hivi hadharani. Wazungu wananunua vitu vya vita kwa pesa ndefu. Njoo inbox tuongee.

Mrima_Tanga

MwanaVoi, hapa umetugusa watu wa Tanga. Hao North Lancashire ndio walioshuka ufukweni Ras Kazone, hapa Tanga, Novemba 1914. Batalioni ya 2 ya Loyal North Lancashire ilitolewa Bangalore, India, ikapakiwa melini pamoja na vikosi vya Kihindi na vya Kashmir, jumla yao watu kama 8,000 chini ya Jenerali Aitken. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na watu kama 1,000 tu, na wengi wao ni askari Waafrika.

Tarehe 2 manowari HMS Fox ilitangulia bandarini kudai mji usalimu amri. Kwa kufanya hivyo ikawapa Wajerumani muda wa kuteremsha watu kwa treni kutoka Moshi. Tarehe 4 ndiyo ikawa siku ya vita yenyewe. Hao wa Lancashire na wale Wagurkha wa Kashmir ndio waliofika mbali kuliko wengine wote, waliingia mjini hadi forodhani na kwenye hoteli ya Deutscher Kaiser, wakapandisha bendera yao. Hawakukaa. Jioni walikuwa wamerudishwa nyuma, na tarehe 5 wakapanda meli wakaondoka. Habari za nyuki waliowavamia askari vitani kila mtoto wa Tanga anazijua, sizirudii. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 800, ukijumlisha waliokufa, majeruhi na waliopotea, na ufukweni waliacha bunduki, risasi na vifaa chungu nzima.

Kwa hiyo mimi naona beji ilitoka hapa kwetu. Watu wa mkonge walikuwa wanahamahama kati ya Tanga na huko kwenu, ndio walioibeba.

Kofia_na_Beji

Wakuu, mimi nimekuwa mkusanyaji wa beji za kofia kwa miaka mingi, na uzi kama huu ndio unaonifanya niendelee kuingia humu. Mrima_Tanga kikosi umekitaja sawasawa. Suala la mahali nitalifikia. Kwanza tuisome beji yenyewe, maana MwanaVoi ameielezea vizuri sana na kila alichokitaja kina kazi.

Anza na mchoro. Simba mwenye taji akisimama juu ya taji ni nembo ya kifalme ya Uingereza. Peke yake haitoshi kukupa kikosi, kwa sababu hata maofisa wakubwa wa makao makuu waliivaa. Ua ndilo linalotubana. Hilo ni waridi la Lancaster, alama ya jimbo la Lancashire kaskazini magharibi mwa Uingereza. Na umeliona vilevile walivyoliona wao wenyewe: rejimenti mojawapo iliyozaa kikosi hiki, ya 47, ilikuwa na jina la utani "The Cauliflowers", yaani Makoliflawa, kwa sababu ya ua hilohilo.

Sasa Lancashire ilikuwa na rejimenti kadhaa na watu huzichanganya. East Lancashire wana sanamu ya sphinx ya Misri (simba mwenye kichwa cha mtu) juu ya waridi. South Lancashire wana sphinx pia pamoja na manyoya matatu ya mwana wa mfalme. Lancashire Fusiliers wana bomu linalowaka moto. King's Own wa mji wa Lancaster wana simba, lakini huyo anatembea na hana ua. Ukipata simba juu ya taji, taji juu ya waridi, na utepe chini, hapo umebaki na Loyal North Lancashire peke yao. Herufi zako zinathibitisha: LOYAL NORTH LANCASHIRE.

Tukija kwenye mwaka. Rejimenti hii iliundwa 1881 kwa kuunganisha ile ya 47 na ya 81. Mwaka 1921 ikabadilishwa jina ikawa The Loyal Regiment (North Lancashire), na utepe wa beji nao ukabadilika ukawa THE LOYAL REGIMENT. Kwa hiyo beji yenye maandishi kama yako ni ya muundo wa kabla ya 1921. Huo ndio ukingo wa juu.

Ukingo wa chini tunaupata kwenye taji. Naomba uipige picha kwa karibu sehemu hiyo, mwanga utokee ubavuni. Beji za enzi za Malkia Victoria, aliyefariki 1901, zina taji bapa zaidi. Kuanzia wafalme waliomfuata hadi 1952, matao mawili ya taji yanapanda kwa mviringo mpaka juu bila kubonyea katikati. Malkia Elizabeth II alipotawala wakarudi kwenye taji ambalo matao yake yamebonyea katikati, chini ya ule mpira wenye msalaba. Ukishalizoea jicho lako halitakosea tena. Angalizo kwa vijana wanaoanza kukusanya: Mfalme Charles III alichagua tena taji la mviringo mwaka 2022, kwa hiyo beji mpya kabisa zinaweza kukuzuga ukadhani ni za mwaka 1914.

Kisha nyuma. Kile ulichokiita ulimi ndicho kilichokuwa kinapenyezwa kwenye tundu la kofia ili beji isimame. Huo ni mtindo ulioenea mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla yake, na kwa baadhi ya beji hata baada yake, walitumia vitanzi viwili vinavyopitishwa pini ya kukunjwa.

Mwisho ni rangi mbili. Mwaka 1916, vita vilipowabana, Waingereza waliamuru beji nyingi za metali mbili zitengenezwe kwa shaba ya njano tupu ili kuokoa metali na muda wa kiwandani. Yako ina nyeupe na njano, maana yake haikutoka kwenye fungu lile la kubana matumizi. Kama taji ni la mviringo, basi mimi naiweka kati ya 1901 na 1916, na naipa uzito zaidi miaka ya mwanzo ya vita.

MwanaVoi

Mkuu Kofia_na_Beji, Mungu akubariki. Nimepiga picha ya taji kama ulivyoelekeza. Matao yamepanda hadi juu, hakuna palipobonyea. Nimeweka na ya nyuma.

Maswali mawili. Je, tunaweza kumpata askari mwenyewe, jina lake? Na nitajuaje kama siyo bandia?

Kofia_na_Beji

Picha nimeziona. Hilo ni taji la wafalme, hapo hatuna ubishi.

Jina hutalipata kwa njia ya beji. Beji ya kofia ya askari wa kawaida haikuandikwa jina wala namba ya utumishi. Zilipigwa kwa maelfu kwenye viwanda vya Birmingham na London, zikagawiwa kutoka stoo. Ingekuwa imekwaruzwa kwa msumari namba au herufi nyuma, tungekuwa na pa kushika. Yako ni safi.

Kuhusu bandia: nakala za kuuziwa wakusanyaji zipo nyingi mno, na kikosi hiki nacho kimenakiliwa. Beji halisi ilipigwa kwa muhuri wa chuma kwenye bati, ndiyo maana ukiigeuza unaona mchoro uleule kwa kinyume, mashimo pale ambapo mbele pana mwinuko. Iliyomiminwa kwenye kalibu huwa nyuma yake ni bapa na imejaa vitundu vidogo. Tazama manyoya ya simba. Kwenye halisi nyuzi za manyoya zinahesabika hata kama kidevu kimesuguliwa na miaka ya kitambaa. Kwenye nakala kila kitu kimelainika kwa kiwango kimoja, kana kwamba simba alizaliwa amechoka. Tazama pia sehemu zilizo wazi katikati ya miguu yake: muhuri mzuri ulikata nafasi hizo safi, nakala nyingi huziacha zimezibwa au kingo zake zinakwaruza kidole. Ulimi wa nyuma wenye jina la kiwanda lililopigwa kubwa na kung'aa ni jambo la kukutia shaka.

Na kuna ushahidi ambao hakuna muuza nakala anayeweza kukupa: kopo la babu. Nakala hizi zilianza kumwagika sokoni miongo mingi baada ya vita. Kitu alichokiokota mchungaji wa Taita kikakaa na kipande chake cha mkoloni hakikutoka kwenye duka la mtandaoni.

Ombi langu kubwa: usiisugue. Najua nyumbani shaba husafishwa kwa majivu na ndimu, ikang'aa vizuri sana. Kwa sufuria ni sawa. Kwa beji asidi ya ndimu inakula kingo za mchoro, na ile nyeupe iliyopigwa kwa lehemu juu ya njano inaweza kuachia. Futa vumbi kwa brashi laini kavu. Lile doa la kijani liguse kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa, taratibu, bila maji. Kisha ihifadhi kwenye karatasi kavu, isikae ndani ya mfuko wa nailoni.

Makoroboi77

Naomba kuuliza, samahani kwa kuingilia. Mimi nimezoea kusikia askari wa Keya. Kwa nini isiwe ya Keya? Babu zetu wengi walikuwa huko.

Kofia_na_Beji

Swali zuri ndugu. King's African Rifles (KAR, ndiyo hiyo Keya) iliundwa Januari 1, 1902 kwa kuunganisha vikosi vilivyokuwa Nyasaland, Uganda, Afrika Mashariki ya Kiingereza (Kenya ya leo) na Somaliland. Alama yao ni baragumu, ile pembe ya kuwindia yenye kamba. Askari wa kawaida alivaa tarbushi, na mbele yake namba ya batalioni. Kwa hiyo ukikuta pembe au namba tupu, fikiria Keya. Ukikuta tai mwenye mabawa yaliyotanuka, huyo ni wa upande wa Mjerumani, askari wao waliivaa alama hiyo kwenye tarbushi zao za kaki. Nyati ni wa Kenya Regiment, kikosi cha walowezi kilichoanzishwa 1937, hakikuwepo kwenye vita vya kwanza.

Na tukiwa hapo kwa Keya, niongeze jambo linaloniuma kila nikisoma habari za Tanga. Aitken alipopita Mombasa alipewa nafasi ya kuchukua askari wa KAR waende naye, watu wanaoijua nchi na wanaozijua mbinu za askari wa Mjerumani. Akakataa. Vijana wa Lancashire na Wahindi waliokuwa wamekaa melini wiki kadhaa wakaingizwa kwenye mashamba na vichaka wasivyovijua. Kosa hilo lililipiwa na watu ambao hawakulifanya.

Mrima_Tanga

Hilo ni kweli kabisa. Na makaburi yapo hapa Tanga, mtu akitaka aje aone. Wahindi na Waingereza.

Lakini bado sijasikia hoja ya kunitoa kwenye msimamo wangu. Kikosi ni kile kile cha Tanga, umri ni ule ule. Kwa nini isiwe imetoka hapa?

Kofia_na_Beji

Kwa sababu kikosi hakikuishia Tanga, mkuu. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Vita vya Tanga vimekuwa maarufu mno mpaka vimemeza habari zilizofuata.

Baada ya Tanga batalioni ile ilipelekwa Mombasa, kisha ikabaki Afrika Mashariki ya Kiingereza. Wajerumani walikuwa wameishika Taveta tangu Agosti 1914, na kutoka huko wakawa wanatuma doria kuilipua reli ya Uganda. Mwaka 1915 Waingereza wakaanza kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea magharibi. Katikati ya mwaka huo ilikuwa imefika Maktau. Pale pakawa na kambi kubwa, ngome, mahandaki, matangi ya maji, watu wa kila taifa. Julai 14, 1915 Brigedia Malleson akatoka Maktau kwenda kuwashambulia Wajerumani waliojichimbia Mbuyuni. Loyal North Lancashire walikuwemo, pamoja na askari wa Kihindi (Wapunjabi na Wabaluchi) na KAR. Walishindwa wakarudi Maktau. Februari 12, 1916 wakawa kwenye shambulio la kilima cha Salaita, ambalo nalo lilikwenda vibaya. Machi Taveta ikakombolewa, Jenerali Smuts aliyewaongoza Waingereza akavuka mpaka. Rejimenti ile ina heshima ya vita yenye jina "Kilimanjaro" kwa ajili ya miezi hiyo.

Sasa fikiri kama mkusanyaji. Askari Mzungu katika nchi ya jua kali alivaa helmeti nene ya kujikinga na jua. Beji ya kofia mara nyingi ilikuwa kwenye mkoba wake, pamoja na kofia aliyoivaa akiwa hayuko kazini. Katika vita vya siku tatu ufukweni, vitu vinavyodondoka ni maganda ya risasi, vifungo, vyombo vya maji. Kambini, mahali watu wanapolala, kufua, kushona na kufungua mizigo kwa miezi, ndipo beji zinapopotea. Zinaangukia kwenye shimo la taka, zinafukiwa, mvua za baadaye zinazifukua na ng'ombe wanazikanyaga.

MwanaVoi, baba yako anasema mzee aliiokota akichunga. Alikuwa anachunga wapi? Swali hilo ni zito kuliko yote niliyoyajibu hapa. Beji inatupa kikosi. Mahali ndipo panapotupa habari, na beji iliyotenganishwa na mahali pake haiwezi kurudishiwa. Wahoji wazee wako wakiwa hai, mmoja mmoja, kabla hawajasikia majibu ya humu.

Dalali_Mkuu

Hayo ya historia sawa, lakini mwenzetu hajaambiwa bei. Nina mteja.

Binti_Pangani

Dalali_Mkuu, tuwekee heshima humu. Tanga na Pangani watu wameuza mashamba kufuata wanaojiita wateja wa rupia ya Mjerumani na mali za Mjerumani. Wameachiwa mashimo kwenye ua na madeni. Yeyote anayekuambia kuna mamilioni kwenye kitu cha zamani halafu anataka uje faragha, mkimbie.

Kofia_na_Beji

Namuunga mkono dada Binti_Pangani kwa asilimia mia. Beji za rejimenti za kawaida za askari wa miguu zilitengenezwa kwa wingi, na mkusanyaji wa Uingereza anaipata hii bila kuhangaika. Thamani ya hii ya MwanaVoi iko kwenye udongo ilipotoka, na udongo huo hauuziki inbox.

Na wale mnaotaka kwenda Maktau na vifaa vya kutafutia chuma ardhini, nawasihi acheni. Kwanza sheria ya Kenya ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inalinda maeneo kama hayo, huruhusiwi kuchimba bila kibali. Pili, mabomu ya vita vile hayajui kwamba vita vimekwisha. Ukikuta kitu cha duara kizito chenye kutu, kiache palepale, weka alama, waite polisi.

Nyanya_wa_Mwatate

Wajukuu zangu, mwanangu ananisomea uzi huu na kuniandikia. Mimi nimezaliwa Mwatate. Tulipokuwa wadogo, wachungaji wa Maktau walikuwa wanaleta maganda ya risasi, tunatengenezea filimbi. Vifungo vya shaba tulishonea nguo. Hakuna aliyeona ajabu. Pale Maktau pana makaburi ya Wahindi, na ile mitaro ilikuwa inaonekana vizuri, mbuzi wanashuka ndani yake kutafuta kivuli. Kwa hiyo anayesema kitu hicho kimetoka Maktau, mimi sishangai hata kidogo.

Makoroboi77

Shikamoo bibi. Habari hizi ndizo tunazozitaka.

Mkuu Kofia_na_Beji, na mimi naomba niambatanishe yangu. Mjomba wangu alikuwa fundi wa reli ya Voi na Taveta. Aliacha beji ya bomu linalowaka moto, juu yake pana duara lenye maandishi na ndani yake ua waridi, na taji juu ya duara.

Kofia_na_Beji

Mashaallah, leo ni siku njema. Bomu linalowaka walilivaa wengi, na kinachowatenganisha ni kilichochongwa juu ya tumbo la bomu. Likiwa tupu bila kitu, ni Grenadier Guards. Sphinx ndani ya majani, Lancashire Fusiliers. Ngome, ni Inniskilling. Chui milia, ni Munster. Mtakatifu George akimchoma joka, ni Northumberland. Waridi ndani ya mkanda wenye maandishi na taji juu, ni Royal Fusiliers wa London.

Na Royal Fusiliers walikuwa hapohapo. Batalioni yao ya 25, watu wa Legion of Frontiersmen, wengi wao wawindaji na wasafiri waliopita umri wa kawaida wa uaskari, ilifika 1915. Mwenye jina kubwa kati yao ni Frederick Selous, aliyeuawa Beho Beho Januari 4, 1917, kaburi lake liko kwenye hifadhi iliyobeba jina lake, ambayo sehemu yake sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Lakini kwa MwanaVoi na wewe kuna aliye karibu zaidi: Luteni Wilbur Dartnell wa batalioni hiyo. Septemba 3, 1915 karibu na Maktau alijeruhiwa mguuni, wakati wenzake wanambeba akaona majeruhi wengine wanaachwa nyuma na adui anakaribia. Akaamuru aachwe pale awalinde. Aliuawa, akapewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, baada ya kufa. Amezikwa makaburi ya Voi. Nendeni mkamsalimie.

MwanaVoi

Wakuu, nimefanya kama nilivyoagizwa. Nimempigia baba bila kumwambia kitu. Nikamuuliza tu, "Babu alikuwa akichunga wapi alipookota kile kitu cha simba?" Akajibu papo hapo: chini ya kilima, ng'ambo ya reli ya zamani, pale Maktau, kwenye mahandaki ambamo mvua ikinyesha maji yanatuama na ng'ombe wanakunywa. Anasema mzee alitaka kuitengeneza iwe bizimu ya mkanda, akashindwa kwa sababu ya ule ulimi wa nyuma, ndiyo maana umepinda.

Kisha nikampigia mjomba. Mjomba kumbe anakizungumzia kisu cha Mzungu wa mkonge, kitu kingine kabisa kilichokwisha kupotea.

Mrima_Tanga

Basi mimi naikabidhi kwa Maktau kwa moyo mweupe. Hoja ya mahandaki na reli siwezi kuishinda. Ila huenda mwenye beji hiyo alipita pia Ras Kazone, maana waliokuwa Maktau 1915 wengine ndio waliosalimika kwetu 1914. Hapo tugawane.

Kofia_na_Beji

Mrima_Tanga umesema neno la haki, tunagawana.

MwanaVoi, ule mpindo wa ulimi usijaribu kuunyoosha. Ni alama ya mkono wa babu yako, na metali ya zamani ukiipinda mara ya pili inakatika. Chukua karatasi ngumu, andika kwa penseli, wino hufifia na kuchafua. Andika kikosi: Loyal North Lancashire, muundo wa kabla ya 1921, metali mbili, taji la wafalme. Chini yake: imeokotwa Maktau, Taita-Taveta, kwenye mahandaki ng'ambo ya reli ya zamani, na jina la babu, makadirio ya miaka aliyokuwa akichunga pale, jina la baba kama msimulizi na tarehe uliyompigia. Karatasi hiyo ikae na beji daima.

Halafu piga picha ya beji na karatasi pamoja, upeleke nakala Makumbusho ya Taifa ya Kenya ili mahali pale paandikwe kwenye kumbukumbu zao, na nakala nyingine kwa makumbusho ya rejimenti za Lancashire yaliyopo Fulwood Barracks, Preston. Wao wana picha na shajara za batalioni ya 2. Barua ya kutoka Voi yenye maelezo ya mahandaki yenyewe itawafaa kuliko beji kumi zilizokatwa jina la mahali.

Bibi Nyanya_wa_Mwatate, kwa heshima zote, kama kuna mtu wa kukuandikia, tunaomba ueleze humu ile mitaro ilikuwa upande gani wa kituo cha reli na ilikuwa mingapi unayoikumbuka. Nitafungua uzi mpya kwa ajili ya ramani ya Maktau, na kila mwenye mzee wa eneo hilo alete alichonacho.

Nyanya_wa_Mwatate

Upande wa machweo ya jua, mjukuu wangu, unapotazama Kilimanjaro. Mwanangu atakuchorea Jumamosi.